Mkaja Kutoka Mtae

Jioni ile nilishuka stendi ya Lushoto kupokea gauni. Mteja wangu wa Mtae alikuwa amelirudisha nilipunguze kiuno, eti nimemshonea gunia. Kiuno chake mwenyewe kilikuwa kimekimbia kwa malaria, lakini sikutaka maneno. Nikasema lete.

Basi lilichelewa. Ukungu ulikuwa umeshaanza kuteremka kutoka Irente, unapita juu ya mabati ya soko kama mtu anayetandika shuka. Akina mama wa peasi walikuwa wanafunga ndoo zao. Nikajibanza ukutani, nikatoa simu nimalize jambo moja dogo.

Kufuta akaunti.

Mimi naitwa Sabra. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilifumua nguo kuukuu moja baada ya nyingine mpaka nikajua zilivyofungwa. Simu pia nilijifundisha hivyo hivyo, kwa kubonya na kuharibu. Kwa hiyo msinione mshamba. Niliingia kwenye ile programu ya kutafuta wachumba, Mwenzangu, kwa macho yangu wazi. Nilikuwa nimechoka kuulizwa na majirani ninaolewa lini. Humo ndani wengi walikuwa wahuni, nikawajibu kihuni, wakaondoka. Akabaki mmoja.

Sharifu.

Hakuniomba vocha. Hakuniomba picha. Aliandika tu, na aliandika jioni, ukungu ukishashuka. *Niko juu, kwenye upepo.* *Huku kuna baridi.* *Leo umeshona nini?* Kwenye picha yake alikuwa amesimama ukingoni mwa jabali, nyuma yake weupe mtupu, uso kaugeuzia pembeni. Nilipomwambia nipigie nisikie sauti, hakupiga. Nilipomwambia tuonane mjini, akaandika: *Mimi siwezi kutoka. Wewe utakuja.*

Hapo hasira zikanipanda. Mtu mzima ananiambia nitakuja, kama mbuzi! Nikamwandikia wazi: *Mimi na wewe basi. Sitaki. Nafuta akaunti.* Mimi sizunguki.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka mpaka chini kabisa, nikabonya *Futa akaunti*. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka... kikazunguka... kikatokea kimaandishi: *Hitilafu imetokea. Jaribu tena baadaye.*

Nikajaribu tena. Hitilafu.

Basi la Mtae likaingia, taa zake za njano kwenye ukungu. Kondakta Ramadhani akanirushia gauni langu, halafu akanipa na kifurushi kingine, kimefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Hiki cha mama yako," akasema.

"Kimetoka kwa nani?"

"Bibi mmoja wa kule ukingoni. Amesema mpe mama mkononi."

Sikushangaa. Mama ana ndugu wengi juu huko, wanamletea njegere, wanamletea maharage. Nikakipakata. Kilikuwa chepesi. Kilikuwa cha baridi.

Na kilinuka kafuri.

Mama yangu, Bi Mwanaheri, alikuwa jikoni anapuliza moto. Akakifungua kile kifurushi. Ilikuwa kaniki mpya, nyeusi tii, imekunjwa kwa ule mkunjo wa zamani. Akaibeba kwa mikono miwili. Kisha akapiga kigelegele.

"Kumbe ulikuwa unanificha!"

"Nini, mama?"

"Mkaja huu! Ah, hawa watu wana adabu. Siku hizi mkaja wanakutumia kwa simu, mama wa binti anapata meseji tu. Hawa wameleta nguo, tena kaniki, kama aliyofungwa mama yangu mimi nilipoposwa."

"Mama, hujui hata imetoka kwa nani."

"Mama wa binti haulizi mkaja. Mshenga atakuja na majina. Mimi kazi yangu kufunga, wajue nyumba imekubali."

"Subiri basi—"

"Nisubiri nini? Nisubiri ufike umri wangu?" Akacheka. Akaizungusha kiunoni, juu ya kanga yake, akaipiga fundo. Alikuwa amefurahi kama msichana. Ningemvua vipi?

Simu ikatetemeka mfukoni.

*Nashukuru mama amepokea.*

Nikaangalia ile picha yake. Uso haukuwa pembeni tena. Alikuwa ananitazama.

Kesho yake nikaanza vita. Nikaiondoa ile programu kwenye simu. Nikazima, nikawasha. Ikarudi. Nikaondoa tena. Ikarudi, na meseji juu: *Usihangaike.* Nikawaandikia wenye programu yao, kwenye lile dirisha la msaada, kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Wakajibu kwa upole wa kuudhi:

*Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Akaunti yako haiwezi kufutwa kwa sababu una uchumba unaoendelea. Tafadhali malizana na mwenzako kwanza.*

"Uchumba gani?" nikapiga kelele peke yangu kama kichaa. "Nani kawaambia nina uchumba?"

Nikaenda kwa Ibrahimu, fundi simu, jirani na kibanda changu. Ni kijana mtaratibu, anapenda mzaha. Akaisafisha simu yote, ikarudi tupu kama ilivyotoka dukani. Akanibadilishia na laini.

"Dada Sabra, sasa hata mimi siwezi kukupata," akasema.

Hajamaliza kucheka, kile kialama kikajitokeza kwenye kioo. Peke yake. Ibrahimu akaacha kucheka. Akaiweka simu juu ya meza polepole, kama mtu aliyeshika yai la nyoka.

"Hii sijawahi kuiona," akasema. "Chukua simu yako, dada. Tafadhali."

Nikairudisha nyumbani nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nikaishikilia chini kwa mkono, kama mtu anayezamisha paka, mpaka ikazima.

Kimya.

Halafu, kutoka chumbani kwa mama... mlio.

Mama ana kitochi. Kisimu cha vitufe, hakina mtandao, kamera yake imekufa zamani, kazi yake kupokea tu. Mama mwenyewe hajui kusoma. Akanitolea kisimu chake mlangoni.

"Nisomee, mwanangu. Nani huyu?"

*Mwambie Sabra asizime. Huku giza.*

Ndipo nilipomwona mama vizuri. Alikuwa ameegemea mlango. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Mama, unaumwa?"

"Baridi tu. Kuna upepo humu ndani tangu jana. Wewe huusikii?"

Hakukuwa na upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

"Vua hiyo kaniki, mama."

"Nimejaribu," akasema taratibu. "Haifunguki."

Nikapiga magoti nikalishika lile fundo. Lilikuwa gumu kama jiwe la mtoni. Nikaleta mkasi wangu mkubwa, ule unaokata jinzi kama karatasi. Makali ya mkasi yakateleza. Nikaleta kisu. Nikaleta wembe. Kitambaa nakijua mimi, hakuna kitambaa kisichokatika. Lakini ile kaniki haikutoa hata uzi. Kila nilipojaribu, ndivyo ilivyozidi kubana, na mama akavuta pumzi kwa shida.

"Acha, Sabra. Inaniumiza."

Nikaacha. Nikakaa pale sakafuni na mkasi mkononi.

Kutwa ile ikambana zaidi. Chakula hakikushuka. Kwenye zahanati walimpima, wakasema ni baridi yabisi, wakampa vidonge. Fundo walilitazama tu, kila mmoja akamwachia mwenzake. Mama yangu alikuwa anakatika vipande viwili mbele ya macho yangu, na simu yangu, ile niliyoizamisha, niliikuta dirishani inawaka. Kavu. Chaji imejaa.

*Utakuja lini?*

"Nakuja," nikaandika. "Nakuja, mshenzi wewe."

Asubuhi yake Ramadhani hakutaka kunielekeza kwa yule bibi. Nilimkaba pale pale stendi, mbele ya abiria, mpaka akasema: nyumba ya mwisho, kule Mtae, ardhi inapoishia. Nikapanda basi lake. Nikafika alasiri. Wenye kujua Mtae wanajua ulivyokaa, mgongo wa mlima, huku na huku shimo, na bondeni kule mbali kabisa nyika ya Mkomazi. Siku ile sikuona nyika. Ukungu ulikuwa umejaza pande zote mbili. Kijiji kilikuwa kama kimening'inizwa hewani.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini. Mdogo, amejikunja, ushungi mweupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mkwe wangu." Alinong'ona, kama kuna mtoto amelala. "Umechelewa. Uji umepoa."

"Mimi si mkwe wako. Nimekuja kurudisha mkaja."

"Uko wapi?"

Nikamwonyesha mikono mitupu.

"Umekataa kutoka," nikasema.

"Basi umerudisha nini?"

Nikamwuliza Sharifu yuko wapi, nimwambie usoni mwake. Bi Hadija, maana ndilo jina lake, akanyanyuka kwa kushika ukuta. Akanizungusha nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Lilikuwa kaburi.

Udongo wake ulikuwa umefagiliwa vizuri. Na pale kichwani, mahali ambapo ningetegemea jiwe au ubao, palikuwa na kisola. Kile kidogo cha kuchajia simu, kimeegemezwa kwenye kijiti, kimeelekezwa jua lilipo. Waya mweusi ulitoka nyuma yake. Ukashuka kwenye udongo.

Ukaingia ndani.

"Aliumwa muda mrefu," bibi akanong'ona. "Alikuwa anaongea na wasichana kwenye simu. Akishawaambia anaumwa, wanaacha kumjibu. Wote. Mwanamume akifa hajaoa, mwanangu, nani wa kumkalia eda? Nani amlilie usiku? Nikamwekea simu yake kifuani. Mashehe hawakujua. Nikachomeka na waya."

"Na mkaja?"

"Aliniagiza."

"Alikuagizaje? Amekufa!"

Akanionyesha kitochi chake, kama cha mama. "Kama anavyokuagiza wewe. Nampelekea mtoto wa jirani, ananisomea."

Nawaambia ukweli, hasira zilinipofusha. Nilimpiga kikumbo bibi wa watu nikapita, nikaushika ule waya kwa mikono miwili, nikavuta.

Ukaja kidogo. Udongo ukapasuka.

Halafu kule chini... kukavuta.

Nikaangukia magoti. Waya ulipita viganjani mwangu, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejivutia blanketi. Nikauachia. Mikono yangu ilinuka kafuri.

"Usivute," bibi akasema, na alikuwa analia. "Anasikia baridi."

"Mama yangu anakufa, bibi! Nifanye nini? Nikupe nini? Sema!"

"Mimi sina ninachotaka. Mama yako alifunga. Mama akifunga, nyumba imekubali, na nyumba iliyokubali hutoa mwanamke. Akitoka, fundo litalegea. Asipotoka, mkaja utambana aliyeuvaa mpaka aishe." Akafuta machozi kwa ushungi. "Kwenu mko wanawake wangapi?"

"Wawili tu. Mimi na yeye."

Akanitazama. Kisha akarudi kizingitini kwake, akishika ukuta.

Nilipata pa kulala kwa yule mteja wangu wa gauni, sikufumba jicho, nikashuka na basi la kwanza. Mama alikuwa kitandani. Sauti yake ilikuwa imebaki uzi.

"Wamesemaje?"

Mtu mwingine angedanganya. Angesema wamekubali, lala mama, kesho utapona. Mimi sijui kudanganya, na yeye ndiye aliyenilea hivyo, alikuwa ananichapa kwa uongo zaidi kuliko kwa wizi. Nikamwambia yote. Kaburi, kisola, waya. Nyumba itoe mwanamke. Nikamwambia nimeshaamua, nitarudi Mtae, maana mimi ndiye niliyemleta huyu mtu nyumbani.

Mama akalipapasa lile fundo.

"Kijana mdogo?" akauliza.

"Mdogo. Hata ndevu hazijajaa."

"Masikini. Na hana wa kumlilia."

"Mama, usianze kumwonea huruma!"

"Mimi namwonea huruma mama yake." Akageuza kichwa. "Hebu niambie. Hiyo programu yenu, mtu anaingiaje?"

"Unataka ya nini?"

"Nauliza tu. Nani atanitaka mimi na meno haya?"

Akacheka, mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Tukacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia nimelala vibaya, nipumzike. Nikajilaza pembeni yake. Uchovu ukaniangusha kama gogo.

Jogoo ndiye aliyeniamsha. Mwanga ulikuwa umeanza kuingia dirishani. Simu yangu iliwaka.

*Akaunti yako imefutwa. Tunakutakia maisha mema.*

Nikaruka. Nikaangalia kioo chote, kile kialama hakipo. Kimeondoka! Nikapiga kelele, "Mama! Mama, imetoka!" Nikageuka.

Fundo lilikuwa limefunguka.

Mama alikuwa amelala chali, amenyooka. Kaniki haikuwa kiunoni tena. Alikuwa amejifunika nayo kichwani, imeshuka usoni, kama bibi harusi anayesubiri kufunuliwa. Kitochi chake kilikuwa kiganjani. Kilikuwa cha moto.

Yeye alikuwa wa baridi.

Tulimzika. Arobaini ikapita. Nikarudi kwenye cherehani, maana tumbo halijui msiba. Siku moja Ibrahimu akaja kibandani, akabaki amesimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kuleta habari mbaya.

"Dada, usinichukulie vibaya. Niliingia mle kwenye Mwenzangu, kutaniatania tu wasichana... nimemwona mama."

Akanipa simu yake.

Alikuwa yeye. Picha ambayo hakuna aliyeipiga. Kaniki begani, nyuma yake weupe mtupu, na kando ya mguu wake, chini, pembe ya kisola. Pembeni mwa jina kitaa cha kijani.

*Yupo hewani.*

Niliwaka. Nikawaandikia tena wale wa msaada, nikawaambia huyo ni mama yangu, ni marehemu, mfuteni leo hii hii. Wakajibu:

*Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Akaunti hii haiwezi kufutwa. Ana uchumba unaoendelea.*

Nilikuwa bado natukana ilipoingia meseji. Ilitoka kwake. Mama hajui kuandika. Ilikuwa ya sauti.

Ibrahimu akaiweka sikioni mwangu, mwenyewe akasogea mbali.

Upepo. Upepo wa ukingoni, ule unaopita kwenye migomba. Kisha mama, karibu sana, anaimba kwa pua ule wimbo aliokuwa ananibembelezea nikiwa na homa. Akakatisha. Akanong'ona:

"Sabra. Usinifute. Nikitoka hapa atakutafuta."

Nyuma yake, mbali kidogo, sauti ya kiume ikauliza, kwa usingizi:

"Unaongea na nani?"

"Na nani tena, baba. Upepo huo. Lala."

Sikuandika tena kwa watu wa msaada.

Sasa mimi ndiye ninayepanda Mtae. Bi Hadija macho yamemwisha, haoni vumbi. Mimi nafuta kile kisola kwa kitambaa laini, nakigeuza kifuate jua, ule waya nauangalia panya wasiule. Waya ule ule niliotaka kuung'oa. Majirani wanasema nimepata mchumba huko juu. Ningewajibu, lakini nitawajibu nini?

Ninachoogopa ni masika. Mwaka huu imekuja na ukungu wa kukaa. Jua halijaonekana tangu wiki iliyopita, na barabara ya juu imekatika kwa maporomoko. Kila nikipata nafasi namwomba Ibrahimu aniangalizie kile kitaa cha kijani cha mama. Juzi kilikuwa kinawaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Jana alikitazama muda mrefu kabla hajaniambia kimezimika.

Leo hakuja kibandani kabisa.

Nimewasha taa mapema. Nimefunga dirisha, lakini kuna upepo humu ndani. Sasa hivi, nikiwa kwenye maneno haya, Ramadhani wa basi amenipigia simu. Anasema barabara imefunguliwa mchana, wao ndio wa kwanza kushuka.

"Dada Sabra, una mzigo wako hapa stendi. Umefungwa kwa kamba ya mgomba."

"Nani kakupa?" nimemuuliza.

Ameshusha sauti.

"Sikumwona vizuri, ukungu mwingi. Kijana tu. Amesema safari hii nisimpe mtu mwingine. Nikupe wewe mkononi."